Nyayo Zangu Mgongoni kwa Mjomba

Nilipokuwa na miaka minane, kazi yangu kijijini ilikuwa kukanyaga watu migongo. Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwetu, upande wa Msalato, mtoto wa namna hiyo aliaminika kuwa na dawa nyayoni. Mtu akiumwa kiuno aliletwa alfajiri, akalala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe, nami nikampitia mgongoni mara saba bila kusema neno. Wakubwa walinipa karanga. Watoto wenzangu hawakucheza nami. Mama zao waliwaambia kwamba nikimkanyaga mtu kwa hasira, atavunjika. Mama yangu alikuwa ameolewa mbali, nikabaki na Bibi na Mjomba Yona, mdogo wake Mama.

Mjomba alikuwa na miaka ishirini na mitatu mgongo ulipomkamata. Wengine huumia wakifanya kazi; yeye aliumia akipumzika. Alfajiri alikuwa ameganda kama gogo, hata kuinama kuvaa viatu hawezi. Akishalima shamba la zabibu kwa saa mbili, utadhani si yeye. Kwanza watu walisema ni mvivu. Baadaye wakasema amefungwa kwa uchawi, na rafiki zake wakaacha kuja.

Bibi akaniita. "Huyu ni damu yako. Mkanyage mpaka apone."

Nikamkanyaga kiangazi kizima. Misuli yake ilikuwa imekaza kama kamba ya kitanda. Siku moja nilivunja mwiko nikamuuliza, "Unapata nafuu, Mjomba?"

"Napata," alijibu, uso ukiwa chini.

Lakini hakupona. Bibi akaanza kunitazama miguu. Nikamsikia akimwambia jirani, "Labda dawa imemtoka." Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikazisugua nyayo kwa majivu na mchanga hadi zikachubuka. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Miaka hiyo zahanati na maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini. Mjomba akaamua kwenda, nami Bibi akanituma nifuatane naye. Daktari alikuwa mzee mpole.

"Ukipumzika unapata nafuu?" alimuuliza.

"Hapana, daktari. Nikipumzika ndiyo naganda. Nikifanya kazi nalegea."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa muda gani sasa?"

"Mwaka wa pili."

"Basi huu si mgongo wa kubeba mizigo. Ni uvimbe kwenye viungo vya uti wa mgongo, na huwaanza vijana kama wewe."

Alimwandikia vidonge vya kupunguza uvimbe, ameze baada ya kula, na akiona choo cheusi arudi haraka. "Havitaung'oa ugonjwa," alisema. "Vitakupa nafasi ya kunyooka. Itumie. Fanya mazoezi kila siku, usijilaze kutwa." Kisha akaongeza, "Na mtu asikukanyage tena."

Mjomba hakunitazama. Nikaivuta miguu yangu chini ya benchi.

Wiki mbili hazijaisha, Bibi alimkuta akifagia uwanja jua likichomoza, anapiga mluzi. Bibi alilia. Mimi pia nilifurahi, nasema kweli, ila siku ile sikula. Habari zilienea upesi, na hakuna aliyeletwa tena kwetu. Mjomba akapata kazi kwenye karakana moja Kizota, mjini, akahamia huko. Watoto nao hawakuja kucheza. Nilikuwa nimebaki mtoto kama wengine, lakini asiye na wenzake.

Leo Mjomba ni mzee. Shingo yake imeinama kidogo, maana zilikuwepo nyakati dawa zilipokosekana na nyakati tumbo lilipozikataa. Lakini anatembea, na alifanya kazi mpaka alipostaafu. Nilipomtembelea karibuni nilimuuliza, "Mjomba, nilipokuwa nakukanyaga, ulipata nafuu kweli?"

Alicheka. "Iliuma sana, mwanangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mwaka ule hakuna mtu aliyethubutu kunigusa," alisema. "Ni wewe tu."

Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba katika nyumba ile mpweke alikuwa mmoja. Kumbe tulikuwa wawili. Sijui kama nyayo zangu ziliwahi kumponya mtu yeyote. Najua tu kwamba kila alfajiri kijana mmoja alivumilia maumivu ili nisiache kuja, nami nilidhani ni mimi ninayemsaidia.