Bado Nayo ni Jibu

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, niliona trekta likishindwa na neno moja.

Mbele yake kulikuwa na duara la mawe ya kale, na ndani ya duara mfereji mwembamba wa mawe usioelekea popote. Dada mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni.

"Ni zizi?" meneja wa shamba akauliza.

"Mlango wake hata mbuzi hapiti."

"Kaburi?"

"Hatujaona mfupa."

"Sasa ni nini?"

"Bado sijajua, ndugu meneja."

"Bado si jibu! Lingekuwa kaburi ningelikwepa. Kitu kisicho na jina tunakilima." Akampungia dereva mkono apite.

Dada akakaza kanga kiunoni, akaketi juu ya mawe.

Dereva, mzee wa Endasak mwenye mvi, akazima injini. "Meneja, kila mwaka unaniuliza kama nimeoa. Huwa nakujibu nini?"

"Unasema bado, mzee."

"Mbona hujanilima?"

Meneja alijaribu kununa, kicheko kikamshinda.

Tangu siku hiyo namwogopa mtu mwenye haraka ya kukipa kitu jina. Mara nyingi ana plau nyuma yake.

Wakati wa mavuno nilipita tena. Ngano ilikuwa imeyazunguka mawe pande zote. Nikamwuliza meneja yale ni nini. Akakuna kidevu, akayatazama kama mwenye mali.

"Bado," akasema.