Aliyelowesha Godoro la Mama Dobi

Kuna neno mtu akiambiwa analimeza linashuka, na kuna neno linamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lililomkaa Mama Dobi lilikuwa hili: kikojozi. Aliitwa hivyo asubuhi kweupe, uani, mbele ya wapangaji. Aliyemwita ni wifi yake mwenyewe, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye watu wote walimwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Uchungu wa neno hilo uliongezwa na kazi aliyoifanya. Mama Dobi alifua mashuka ya nyumba ya wageni tangu yuko msichana mpaka mgongo ulipokataa. Shuka halimfichi kitu anayelifua. Alijua nani kalewa, nani kalia, nani kalala na asiye wake, na mzee gani wa kuvaa tai kalowesha kitanda. Alijua, akasuuza, akaanika, akanyamaza. Mtu aliyefunika aibu za watu wazima wote wale, leo aibu isiyo yake inaanikwa kwenye kamba ya wapangaji! Wewe usingekasirika?

Ilikuwa hivi. Mwaka huo ilishuka baridi ya kung'oa kucha. Mwanawe, aliyekuwa anaishi naye, alimwonea huruma akamletea hita ya gesi. Kitu kidogo, unakibeba kwa mkono mmoja, mtungi wake mgongoni, mbele visahani vinavyowaka vyekundu. Hakina bomba wala dohani, moshi huuoni, masizi huyaoni. Muuzaji alisema weka popote, washa, ota. Basi ikawekwa chumbani kwa mama, chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake wa nje haujaonana na jua tangu ujengwe. Kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka kikaugusa ukuta huo. Dirisha likazibwa matambara ili joto lisitoroke. Jioni Mama Dobi anawasha, anaota kama paka, akitaka kulala anazima, anajifunika, anamwombea mwanawe heri.

Redio alikuwa amekuja kuwatembelea, na kutembea kwake ni kule kwa kuja bila kualikwa na kukaa bila kutaja siku ya kuondoka. Asubuhi moja akaingia chumbani kutandika kitanda. Nani kamtuma kutandika? Alikuwa anatafuta. Mtafutaji hachoki. Mkono wake ukazama upande wa ukutani, ukakuta chepechepe.

"Wifi!" Akatoka nalo shuka mpaka uani. "Wifi yangu, kumbe umeshafika huku? Godoro zima! Jamani njooni muone, mwenzangu karudi utotoni!"

"Mimi sijakojoa," Mama Dobi akasema.

"Kwani nani kataja kukojoa? Nimesema godoro. Umejitaja mwenyewe, kikojozi wee!"

Wapangaji wakaangua kicheko. Na ubaya wa shitaka hili ndio huo: ukishasema hukukojoa, umeshakojoa.

Mama Dobi alilinusa lile shuka. Mkojo una harufu yake, na ukikauka unaacha ramani yenye kingo za njano. Hakuna aliyemfundisha hilo ila kazi. Yale yalikuwa maji matupu. Lakini maji ya wapi? Mvua hakuna, paa ni zima, bomba halipiti upande ule. Hakujua, na asiyejua hana shahidi. Nani angekuja kunusa shuka la bibi kizee ili amtetee? Godoro likaendelea kulowa hadi baridi ilipoondoka. Hita ikapelekwa stoo, godoro likakauka, na Redio akatangaza kwamba wifi yake kapona, ile dawa aliyompa imefanya kazi. Dawa gani? Hakumpa hata punje ya chumvi.

Tangu hapo, kila Mama Dobi alipolala kwa ndugu alitandikiwa nailoni chini ya shuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Nailoni ilijisemea. Ukigeuka usingizini inalia kwachakwacha, nyumba nzima inajua bibi kageuka. Akaacha kulala kwa watu. Harusini anakwenda na kurudi, msibani anakwenda na kurudi, hata gari likiwa la mwisho. Miaka ikapita hivyo. Redio akikutana naye anamkumbatia kama pacha wake, anamuuliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Na lile tatizo letu, wifi?" Letu!

Hayo yote angeyabeba. Kichwa chake kigumu, kilibeba mengi. Lakini alikuwepo mjukuu, binti wa huyo mwanawe, aliyemlea mgongoni huku anafua. Mjukuu aliolewa, akapata mimba, akaja kumshika mkono. "Bibi, nikijifungua utakuja wewe kukaa na mimi. Simtaki mtu mwingine. Hata mama nimeshamwambia."

Mama Dobi akaanza maandalizi. Alitafuta vitambaa laini, akavifua, akavipiga pasi pande zote mbili, akavikunja. Mtoto akazaliwa, wa kike, ana mapafu ya kuuzia samaki sokoni. Begi likafungwa. Ndipo simu ikalia. Mume wa mjukuu, kijana mpole, yaani upole ule wa kutojua kusema hapana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nakuja, kiatu kimoja nimeshavaa."

"Eeh... Bibi Redio ameshafika. Tangu asubuhi."

"Kafika kufanya nini?"

"Kukaa na mzazi. Anasema kitanda cha wageni hatuna, atalala hapo hapo na mke wangu. Na anasema... wewe upumzike kwanza, Bibi."

"Anasema nini tena? Usimeze, sema."

"Anasema chumba cha mtoto mchanga kisiwe na harufu."

Mama Dobi akakata simu, akavua kiatu. Hakulia. Ila alijua vizuri kinachoibwa pale. Mtoto huyu akiogeshwa na Redio siku zake za mwanzo, basi ndugu wote wameshahukumu, na mjukuu mwenyewe kasaini. Atakuwa kikojozi mpaka kaburini, na huko nako watamtandikia nailoni.

Siku zikaenda. Mkwewe, mama wa mjukuu, akitoka kumwona mzazi anamletea habari: Redio kakataza hiki, Redio kamkaripia muuguzi, Redio kasema chumba kina baridi, kijana wa watu kakimbia kununua hita. Mama Dobi alisikiliza, akaguna, akaendelea kuchambua mchele. Subira yake haikuwa ya kitakatifu. Ilikuwa subira ya paka mlangoni kwa panya.

Asubuhi moja simu tena. Mjukuu, ananong'ona.

"Bibi, njoo. Kitanda kimelowa."

"Si una mtoto mchanga? Badilisha nepi."

"Mtoto yuko kwenye kitanda chake, mkavu. Mimi nalala upande wa nje, mkavu. Ni upande wa ukutani, Bibi. Leo siku ya tatu."

"Nani analala ukutani?"

Ikaja sauti ya mtu anayeziba kicheko kwa mkono. "Bibi Redio."

Begi lilikuwa bado limefungwa. Mama Dobi alivaa viatu vyote viwili.

Alipofika, mume wa mjukuu alimpokea mlangoni, na nyuma yake alikuwa fundi wa gesi, aliyeleta mtungi mpya. Chumbani kulikuwa na joto la kuiva. Dirisha limezibwa kwa taulo, chini ya mlango pamesokomezwa shuka. Redio amesimama mbele ya kitanda, mikono kaitanua kama golikipa.

"Paa linavuja," akasema kabla ya salamu.

"Mvua ilinyesha lini?" Mama Dobi akauliza.

"Basi mtoto."

"Mtoto karuka juu ya mama yake, akaja kukojoa mgongoni kwako, akarudi kulala? Huyo si mtoto, huyo mwanajeshi."

Mjukuu akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Mama Dobi akampita Redio, akavuta kona ya shuka, akanusa. Maji matupu, yale yale. Akanyoosha mkono, akaugusa ukuta. Mkono ukarudi umelowa. Akatazama vizuri: ukuta wote unatoka jasho, matone yanateremka kama mtu kakimbizwa, yanaishia kwenye godoro. Nyuma ya kabati ukungu mweusi umeshatambaa.

"Fundi," akaita, "hebu ingia. Haya maji yanatoka wapi?"

Fundi akasimama mlangoni, akaitazama hita, akalitazama taulo dirishani, akatikisa kichwa.

"Si hiyo hita, mama? Haina bomba la nje, kila kinachotoka motoni kinabaki humu ndani. Na gesi ikiungua inatoa mvuke. Ule mtungi mliomaliza umemwaga humu maji yanayozidi uzito wa gesi yenyewe. Mmeziba kila mahali, mvuke utaenda wapi? Unatafuta palipo baridi. Huo ukuta wa nje."

"Na kitanda kikiwa kimeugusa ukuta?"

"Kinalowa. Nimeona nyumba nyingi tu. Watu wanamsingizia mtoto, wanamsingizia paka."

"Na bibi kizee?"

"Hata bibi kizee," fundi akajibu, hajui kalifungua kaburi gani. Kisha akaenda mwenyewe kulivuta lile taulo, akafungua dirisha kidogo. "Na mshukuru limelowa godoro tu. Hii inakula hewa hiyo hiyo mnayopumua. Ikiwaka, dirisha libaki wazi kidogo. Mkilala, zimeni. Tena kwa mtoto mdogo hivi, bora chumba kipate joto kwanza, izimwe, ndipo aingizwe."

Redio alikuwa anaangalia kucha zake kama kaandikiwa hotuba huko.

"Wifi," akaanza, "mimi kipindi kile nilijua..."

"Ulijua nini?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani uani, kwa sauti. Mjukuu wangu, nipe mtoto. Wewe kijana, vuta kitanda, kikae mbali na ukuta." Mama Dobi akakaa kwenye kiti, akampakata mtoto, akamfunua uso akamtazama, akamfunika. "Redio, chukua simu."

"Nimpigie nani?"

"Uliowaambia."

"Wifi, ni wengi!"

"Mchana bado mrefu. Na uweke spika."

Redio akamtazama mjukuu, mjukuu akatazama dari. Akamtazama kijana mpole, kijana akakumbuka kumsindikiza fundi. Akabonyeza namba. Ikapokelewa na shangazi mtu, mzee mwenye sauti ya kinu.

"Haloo, shangazi. Nakupigia kuhusu... yale maneno ya wifi yangu."

"Kakojoa tena?"

"Hapana. Hakukojoa."

"Leo?"

"Siku zote. Ilikuwa hita."

"Hita imekojoa?"

"Bibi, mshono wangu!" mjukuu akapiga kelele, kajikunja kwa kicheko, kashika tumbo.

"Mweleze vizuri," Mama Dobi akasema, hajaondoa macho kwa mtoto. "Mtaje aliyesema uongo kwa jina analolijua."

Redio akaeleza. Mvuke, ukuta, dirisha, na kwamba leo yeye mwenyewe kaamka kalowa mpaka kiunoni. Shangazi akamwambia asubiri kwanza, awaite wa jikoni nao wasikie. Akarudia upya toka mwanzo. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtoka kama ule ukuta, na simu kaishika kama kaa la moto.

"Wifi yangu, nisamehe basi. Inatosha."

"Kusamehe ni kazi ya Mungu, na hajalalamika kwamba imemshinda," Mama Dobi akasema, akamhamishia mtoto bega la pili. "Anayefuata ni nani?"