Nilifuta sauti ya Baba Anselme, nikasema ni courant

Kosa ni yangu. Ninaisema hapa, kwa ninyi mafundi, ju hapa hamunijue. Kwetu ku Katuba siweze kuisema.

Miye ninatengeneza ma-ordinateur, ma-kompyuta ya zamani. Bantu bananiita Ingénieur, hata diplôme sina, na ile jina inanipendeza, nisiwafiche. Mashini yenye bengine banatupa, natia Linux ndani, ile sistemu ya bure, inaanza tena kutumika. Njo vile nilimufanyia Baba Anselme, maître wa chorale ya paroisse yetu, mwenye kufundisha kwaya ya kanisa. Baba alikuwa hajue kuandika nota. Akipata wimbo mupya, anauimba mbele ya micro, sauti moja moja, ya bamama, ya bababa, yote yeye mwenyewe. Bana-chorale banakuya kusikiliza mu ordinateur yake mupaka bashike.

Mwaka hii alikufa. Mbele ya kufa aliimba wimbo wa mwisho, akamwambia muke yake, Mama Béatrice: hii mutaimba siku ya kumaliza kilio yangu. Mama aliusikia paka kidogo tu, kupitia mulango. Chorale hawakuusikia bado.

Misa ya kumaliza kilio ilipokaribia, Mama akawasha mashini, écran ikabakia nyeusi. Akaniita.

"Mutoto yangu, nirudishie paka écran," anasema. "Sauti iko. Mashini ikiwaka naisikia inalia sawa siku zote."

Ilikuwa kweli. Mashini ilikuwa nzima. Ilikuwa imefanya mise à jour, kujibadilisha programu yenyewe, na pilote, ile programu yenye inaongoza carte graphique ya kutoa picha pa écran, haikupatana tena na carte ya zamani vile. Pilote ya fabricant, benye kutengeneza ile carte, iliachwa kitambo. Ile ya bure, yenye bantu ba Linux banaandika, inataka uvumilivu. Ningeandika neno moja tu pale pa kuwasha, ao ningerudilia sistemu ya mbele ya mise à jour, basi. Najua. Nimefanyia bantu mingi.

Lakini Mama alikuwa amesimama pale, na Papa Donat, mudogo wa marehemu, pembeni yake. Nilitaka ionekane kazi kubwa. Nikajaribu pilote moja, ikakatala. Ingine, ikakatala. Nikashikwa na hasira, nikachomeka clé USB, nikasema nitaweka sistemu upya na bintu bya Baba nitabiacha paka pale.

Bale benye kutumika na ma-carte ya zamani banajua ile shida. Pilote ikikosa, bintu byote binakuwa bikubwa, fenêtre, ile dirisha ya ulizo, inapita chini ya écran, ma-bouton ya kujibia hauyaone. Sisi tumezoea. Tunapiga Tab, Tab, Entrée, kwa kichwa tu. Na miye nilipiga kwa kichwa. Mashini ikaniuliza kintu, nusu ya ulizo iko chini kule haionekane. Nikapiga Entrée tena.

Nilikuwa nimekubali kufuta diski yote.

Nilipoona vile, ilikuwa ingali inaandika. Ningekata pale pale, pengine muntu mwenye kujua kuokota byenye bilifutwa angepata kintu. Niliiacha ikaisha. Sijue ju ya nini. Niliweka mikono pa magoti, nikaangalia ule mustari unajaa.

"Imekubali?" Mama anauliza.

Nikasema, "Mama, diski iliungula. Ni courant."

Kwetu ukisema courant, ule umeme, nani atabisha? Inashuka, inapanda, inaua frigo, inaua télé. Mama aligeuka akaangalia réchaud, jiko ya umeme ya Papa Donat, yenye kuchomekwa pa prise moja ya ukuta na mashini, ju pale njo alikuwa anapikia bukari, ugali yake.

"Donat," anasema polepole. "Nilikuambia mara ngapi?"

Papa Donat akaniangalia miye. "Ingénieur, inaweza kuwa ni ile?"

"Inaweza, Papa."

Diski, tuseme mukono uliteleza. Hii neno nililisema nikijua.

Siku ya kumaliza kilio, chorale iliimba wimbo wa zamani. Misa ilipoisha tukaketi mu lupango, kiwanja ya nyumba yao. Mu ile jamaa, mbele ya kugawanya chakula, mwenye neno na marehemu anasimama analisema pale, bantu banasikia, kisha kilio inafungwa na hakuna kuirudilia tena. Miye balinipa kiti ya mbele, sawa mutoto wa nyumba.

Papa Donat akasimama. Muntu wa mvi. Akapiga magoti mu mavumbi, akamulomba yaya yake, mukubwa wake marehemu, pardon ju alimuunguzia sauti. Mama alikuwa analia. Muzee wa jamaa akauliza, "Kuko mwingine mwenye neno?"

Nikabakia pa kiti yangu. Balileta bukari na kuku, na sahani yangu ilijazwa mbele ya ingine.

Papa Donat alihamia mutaa wa Bel-Air, anasema ile lupango haina tena fasi yake. Mama anajaribu kukumbuka ule wimbo. Anaanza, anafika fasi moja, anasimama. Juzi aliniuliza, "Weye uliingia mu ile mashini. Haukusikia hata kidogo?" Nikasema hapana.

Bantu banadhani niko mugonjwa. Hapana. Nakula, nalala, nawasha mashini za bantu. Siko nasikia kintu, ya kuuma wala ya kufurahisha. Hata kuandika hii, naandika tu.

Ninyi benye munafanya hii kazi, écran ikikuwa nyeusi, mashini haijakufa. Mutulie. Musibonyeze kintu yenye hamuone. Na kama mumeshabonyeza, museme saa ile ile, hata muntu akutukane, hata jina yako ipotee. Miye nilijiambia nitasema nyuma. Papa Donat njo alipiga magoti.