Jua la Mama Mdogo

Juzi hapa Ipuli nilimwona binti wa jirani akifungasha kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni, nikamkumbuka mama mdogo Zuhura.

Alirejea kutoka huko nikiwa bado mtoto, alasiri moja ya kiangazi, nyumba nzima ikinuka vumbi na majani yaliyoungua. Mkononi alikuwa na kovu bichi, pana kama kiganja changu.

"Mama mdogo, nani kakuunguza?"

"Jua la kule, mwanangu. Kiangazi chake hakina huruma."

Mama alisonya, akatazama pembeni. Sasa najua ilikuwa pasi ya bosi wake. Siku ile niliamini, nikatoka uani nikalirushia jua mawe huku nikilitukana.

Mama mdogo akanifuata. Nilidhani atanichapa. Akaokota jiwe kubwa kuliko langu, akalirusha juu kwa nguvu zake zote.