Kitabu Kisichofungiwa Gazeti

Kitabu kile, mwanangu, kilinigharimu doti ya kanga ambayo sikuwa nimeifua hata mara moja, kiti changu cha mbele kwenye kwaya, na miezi ya kununiwa na mama mkwe. Nimehesabu mara mbili. Hiyo ya mama mkwe, ukiitazama vizuri, naiweka upande wa faida.

Naikumbuka siku niliyokwenda kukinunua. Nilikuwa nimeolewa Busisi, nina mimba ya kwanza, na nesi wa kliniki alikuwa amenipapasa tumbo akasema mtoto amekaa matako chini, hajageuka, nikajifungulie hospitali Mwanza. Mama mkwe hakushtuka. Mimi naitwa Kashinje, na kwetu Usukumani jina hilo hupewa mtoto aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo, akasema, mambo haya nimeyatoa kwa mama yangu, na mama yangu aliyapata siku alipovuka kamba ya ng'ombe akiwa na mimba yangu. Daktari hajui habari za kamba. Basi, akaamua mama mkwe, nitazalia jikoni kwake.

Kamba hiyo niliisikia tangu utotoni. Kila mwanamke wa ukoo alipokaribia kujifungua, mama aliombwa akae mbali, asije akamwambukiza. Hakuwahi kubisha. Mimi nilikuwa nauza dagaa, na kubisha ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ila huwezi kubishania bei ya kitu usichokijua. Nikapanda kivuko hadi Kigongo, nikaingia mjini kutafuta kitabu cha wakunga.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyejua Kisukuma cha kutosha kunizuia nisimsengenye mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakishusha kitabu. Jaladani palikuwa na mama mjamzito, tumbo limechorwa limepasuliwa kama papai ili mtoto aonekane. Bei yake ilitisha kuliko picha. Tulivutana mpaka chai yake ikapoa, ndipo nikatoa ile doti kapuni, naye akaikubali kwa ajili ya mkewe. Nikamwomba anifungie kitabu kwenye gazeti.

"Dagaa zako unazifungia gazeti?" akauliza.

"Nazifungia, mzee. Zinanuka."

"Na hiki kinanuka?"

Nikakigeuza kitabu, jalada likaangalia chini.

"Binti, kanga nimepokea, kitabu ni chako. Aibu sikukuuzia. Kama uliingia nayo, toka nayo. Gazeti langu liache."

Basi nilirudi na kitabu mapajani, jalada juu, na kivuko kizima kikapata cha kutazama. Kaka mmoja mwenye baiskeli akauliza kama ile picha ni yangu. Nikamwambia, "Yangu na yako, kaka. Humu ulikaa miezi tisa bila kulipa nauli." Waliokuwa karibu wakacheka mpaka tunatia nanga.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Mama mkwe alisema nimeingiza uchi wa watu ndani ya nyumba. Wiki haijaisha, kwaya ikaniweka pembeni. Mimi nikawa nasoma mchana kweupe, nimekaa kando ya turubai la dagaa. Kitabu kilisema watoto wengi hukaa hivyo miezi ya mwanzo, kisha hugeuka. Wachache hawageuki, na mama wa mtoto wa namna hiyo asizalie nyumbani. Nikamsomea mume wangu. Akanibebea mzigo, tukaondoka huku mama yake akiita.

Nilifikia kwa mama yangu, Buhongwa. Mama hakujua kusoma. Nikamfungulia ukurasa wenye mtoto aliyekaa kama mimi nilivyokaa. Akaweka kidole juu ya ile miguu midogo, hakukiondoa.

"Na huyu," akaniuliza, "mama yake alivuka nini?"

"Hakuvuka kitu, mama. Nimesoma mara mbili."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Uchungu uliponianza, yule aliyekuwa anafukuzwa kwenye uzazi wa watu ndiye aliyenishika mkono hadi mlango wa hospitali, na nesi alipomwambia asubiri nje, mama alimwambia atasubiri, ila anasubiri hapo hapo mlangoni. Nilipasuliwa, mtoto akatoka analia. Upande wa mume wakakaa kikao: hakutanguliza kichwa, hakutanguliza miguu, katokea dirishani, aitwe nani? Wakiwa bado wanajadiliana, mama yangu akampa mjukuu wake jina analoitwa yeye mwenyewe.

Naambiwa siku hizi shuleni kwenu mwalimu akifika kwenye sura ya uzazi, darasa linacheka, naye anaruka ukurasa. Mwambie arudi, mwanangu. Huo mwili ni nyumba yako, na mwenye nyumba hafichwi ramani. Kitabu hakimzalishi mtu. Nesi akikuita, nenda. Lakini nenda ukiwa unajua anachokuambia, na atakayekuletea kamba ya ng'ombe, mwombe akuonyeshe ipo ukurasa gani. Mungu akukuze salama, na ukifika wakati wa kuzaa, akupe mtoto anayelia, apite kichwa, miguu au dirishani.

Kitabu changu nimekiazimisha kuanzia Buhongwa mpaka Kirumba, na safari hii sijui kiko kwa nani. Kama kiko kwako, doti ya kanga sikudai. Kisome, kisha nirudishie. Na njiani usikifungie gazeti.