Ridhaa ya Bi Mejumaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundisha wanafunzi kumi na mmoja katika ukumbi uliojengwa kwa watu mia. Mkuu wa Idara, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likichoma, alinifikisha mlangoni, akanikabidhi boksi la chaki na daftari la mahudhurio. "Mwalimu Mwanaidi," akasema, "wengi wa hawa hawakuichagua falsafa. Wameletwa huku baada ya Kitivo cha Sheria kuwakataa. Usiwavunje moyo." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Nilizaliwa Bongwe, karibu na Ukunda, na nyumbani hakuna aliyejua hasa nimeajiriwa kufanya nini. Mama aliwaambia majirani kwamba ninafundisha mambo ya kufikiri. Jirani mmoja akauliza, "Na kufikiri nako kunafundishwa?" Swali hilo nimelijibu kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado sijalimaliza.

Nilifundisha masomo mawili. La kwanza lilikuwa maadili, ambalo huuliza tutende lipi na kwa nini. La pili ni epistemolojia, ambayo mimi niliiita elimu ya ujuzi: kujua ni nini, na kunatofautianaje na kubahatisha. Wakongwe wa fani walisema kwamba mtu anajua jambo pale anapoliamini, jambo lenyewe likiwa kweli, naye akiwa na sababu nzuri ya kuliamini. Darasani nilikuwa nikiuliza: umesikia adhana ya alasiri, ukaamini wakati umeingia. Lakini sauti ile imetoka kwenye redio ya jirani, kanda ya zamani, na kwa bahati tu wakati wenyewe ukawa umeingia kweli. Je, ulijua? Wanafunzi walibishana mpaka kantini, na mpishi naye akatia neno. Hayo ndiyo yaliyonifanya niipende kazi.

Chuo kilipofungua tawi pwani niliomba uhamisho, nikarudi kwetu. Kwa miaka kadhaa nilikwenda pia Msambweni kila Alhamisi kuwafundisha wauguzi wanafunzi maadili ya tiba. Matroni aliyewasimamia alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku ya kwanza nilikuja na mhadhara mrefu juu ya wajibu. Aliusikiliza dakika kumi akiwa amesimama nyuma, kisha akanijia kwa heshima. "Mwalimu, hawa wana wagonjwa saa tano. Wafundishe kitu watakachokihitaji saa tano." Tangu siku hiyo sikuandaa somo lolote bila kujiuliza nani atalihitaji, na lini.

Aliyenipandisha ngazi ni Mkuu wa Kitivo wa tawi letu, mtu wa bara ambaye sote tulimwita Profesa tu. Yeye ndiye aliyesimamia tasnifu yangu ya uzamivu, akanikopesha vitabu vyake, akanisahihishia kila ukurasa kwa kalamu ya risasi ili nisione wekundu. Yeye pia ndiye aliyeniteua kuwa katibu wa Kamati ya Maadili ya Utafiti. Kamati hii hupokea mpango wa kila mtafiti anayetaka kuwahoji watu. Hutazama kama watu wale wataelezwa, watalindwa, na wataombwa ridhaa, yaani kukubali kwao kwa hiari. Ikiridhika hutoa cheti cha idhini. Bila cheti, kazi haichapishwi. Fomu ya ridhaa niliiandika mimi, kwa Kiswahili fasaha, na niliionea fahari.

Profesa alipoleta mpango wake, niliupitisha katika kikao kimoja. Alitaka kuwasikiliza akina mama wa kijiji kimoja cha wavuvi, ng'ambo ya Gazi, waliopoteza watoto wachanga, kisha aandike kitabu juu ya huzuni isiyozungumzwa. Msaidizi wake, binti mwenye adabu, alikwenda na kinasa sauti. Kila mama alisomewa fomu, akatia dole gumba. Nikatia sahihi yangu.

Jumamosi moja, karibu mwaka mzima baadaye, mwanamke mzee alibisha hodi kwangu Bongwe. Nitamwita Bi Mejumaa, ingawa silo jina lake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Aliniuliza hali ya mama yangu, ya watoto, hata ya mihogo niliyoipanda nyuma ya nyumba. Alikunywa chai mpaka ikaisha. Hapo ndipo alipofungua pindo la leso yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Wewe ndiye uliyeiandika hii?"

Ilikuwa nakala ya fomu, na jina langu lilikuwa chini.

"Ni mimi, Bi."

Akanieleza. Mkazamwana wake, mzaliwa wa bara, anafanya kazi katika hoteli moja huko Galu. Wiki ile ukumbi wa hoteli ulikuwa na mkutano wa wasomi, naye ndiye aliyekuwa akipeleka chai. Profesa alikuwa akisoma sura moja ya kitabu chake. Jioni mkazamwana alirudi, akakaa jikoni akimenya vitunguu, akasema, "Mama, leo nimeskia stori moja, aki nimelia." Akaisimulia yote. Katika sura ile majina yalikuwa yamebadilishwa, lakini Bi Mejumaa alikuwa akisikiliza maisha yake mwenyewe. Lilikuwa jambo la ujanani mwake ambalo mumewe alifariki bila kulijua, na wanawe hawalijui.

"Ulimwambia nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia avipunguze vitunguu, vinaniumiza macho."

Kisha nikasema, kama katibu wa kamati, "Bi, ulisomewa fomu?"

"Nilisomewa vizuri."

"Ukaulizwa kama umekubali?"

"Nikaulizwa. Nikasema haya."

"Basi, Bi..."

"Mwanangu," akanikatiza kwa upole, "mgeni amekuja na mzee wa mtaa. Ameketi mkekani kwangu, amekunywa maji yangu. Nimwambie sitaki? Ile haya niliyoisema ilikuwa ni ya kuona haya."

Nimesoma vitabu vingi katika fani yangu. Hakuna sentensi iliyowahi kunikalisha chini kama ile. Mimi ni mtoto wa Kwale. Najua kwamba kwetu "inshallah" huweza kuwa ndiyo na huweza kuwa hapana, na kwamba mama yangu aliwakataa wachumba wawili wa dada yangu kwa neno "tutaona" peke yake. Yote hayo niliyajua tangu utotoni. Nilipoketi kuandika fomu niliyaweka kando, kana kwamba si ujuzi, nikaandika kama nilivyofundishwa: soma, uliza, chukua dole gumba.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Profesa. Juu ya meza yake palikuwa na jalada langu la kupandishwa cheo kuwa profesa mshiriki, likisubiri sahihi yake. Hakuna kati yetu aliyelitazama.

"Alikubali," akasema. "Na wewe mwenyewe uliipitisha."

"Nilikosea, Profesa."

"Hukukosea. Ulifuata utaratibu."

"Utaratibu ulimwuliza kama ameelewa. Haukumwachia mlango wa kukataa."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Unajua kwa nini ninaandika kitabu hiki? Tulimzika mwanetu asubuhi. Siku ya tatu nikaulizwa kama mitihani nimeshaisahihisha. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine. Mama hawa walipozungumza, ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu akisema ninachokijua." Sauti yake ilipungua. "Leo utaniambia niondoe sura moja. Kesho watakuja wengine. Kitabu kitabaki na jalada tu."

Nilimfahamu kwa miaka kumi na minane na sikuwa nimejua kwamba alizika mtoto. Nilitamani kuondoka na kuacha mambo yalivyo. Lakini Bi Mejumaa alikuwa akiishi nyumba moja na mtu aliyeisikia hadithi ile, na kitabu kingewafikia wengine.

Niliitisha kikao cha kamati. Nikasema kwamba ninaiondoa sahihi yangu. Mjumbe mmoja akapendekeza tuiondoe sura ya mama huyo peke yake. Nikapinga. Nikasema kwamba ikiwa njia ya kuomba ridhaa ilikuwa na kasoro kwa mmoja, ilikuwa na kasoro kwa wote, kwa maana wote waliendewa kwa njia ile ile, na mzee yule yule wa mtaa ameketi pembeni. Hoja ilikuwa safi. Nakiri kwamba niliipenda. Kamati ikafuta cheti, ikamwambia Profesa anaweza kuanza upya akitaka. Hakuanza. Jalada langu nalo halikutiwa sahihi, na sikuliulizia.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningewaandikia leo kama mtu aliyeshinda. Lakini miezi michache baadaye, matangani, mwanamke mrefu alinijia nilipokuwa nikinawa mikono. Nitamwita Bi Nyanvula. Hakuniuliza habari za mihogo.

"Wewe ndiwe mwalimu uliyekizuia kitabu?"

"Ndimi, Bi."

"Mwanangu alikuwa na jina. Nililisema kwenye ile mashine, nikaambiwa litaandikwa. Nimelingoja. Wewe ulikuja lini kuniuliza?"

"Bi, kulikuwa na mwenzenu ambaye hakutaka..."

"Na mimi ndiye yeye?"

Nilikuwa nimemtetea mwanamke mmoja aliyeandikiwa ndiyo ambayo hakuisema, kisha nikawaandikia wengine wote hapana ambayo hawakuisema. Kuwazungukia na kuwauliza upya kungenichukua siku tatu. Sikulifikiria hilo, kwa sababu hoja ilikuwa imenitosha.

Miaka iliyobaki niliitumia kubadilisha namna ya kuuliza. Wanafunzi wangu wa utafiti walijifunza kwenda mara mbili. Safari ya kwanza unaeleza, unakunywa maji, unaondoka bila kuomba lolote. Mzee wa mtaa haji nawe. Unaacha njia ya mtu kukukatalia pasipo kukutazama usoni: anaweza kumtuma jirani, au akawa hayupo tu siku ya pili, nawe huulizi amekwenda wapi. Vijana walilalamika kwamba wanapoteza watu wengi. Niliwaambia kwamba watu hao hawakuwahi kuwa wao wa kuwapoteza.

Profesa alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga nilimpa mkono, akaushika kwa muda. "Ulikuwa sahihi nusu," akasema. Sikumwuliza nusu ipi, maana sote wawili tulikuwa tunaijua. Mimi nilistaafu nikiwa mhadhiri mwandamizi, na watu wa Bongwe waniitao profesa nimechoka kuwasahihisha.

Haya machache juu ya Bi Mejumaa nilimsomea mwenyewe kabla ya kuyatoa hapa. Aliniambia nifute sentensi mbili, nimezifuta.

Vijana huniuliza kama falsafa ina kazi. Kwangu imekuwa na kazi moja ngumu: kujizuia kusema "ninajua" mapema. Mara nyingi nilishindwa, na niliposhindwa ni mtu mwingine aliyelipa.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilikwenda kwa Bi Nyanvula. Nilikwenda mara mbili, kama nilivyowafundisha wengine. Mara ya pili nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba akipenda nitaandika habari za mtoto wake kama anavyotaka mwenyewe, na jina lake kamili. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Sitaki," akasema. "Wakati ule nilitaka. Sasa sitaki."

Nikasema nimesikia, nikafunga daftari. Aliendelea kuchambua, akapeta, akapuliza makapi. Halafu akageukia jikoni, akaita jina kwa sauti kubwa, jina lile la mtoto wake, ambalo sitaliandika.

"Abee, bibi!" akaitika mjukuu wake, msichana mzima, akatoka na sufuria ya maji ya mchele.

Bi Nyanvula akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Utakula nasi," akasema, na wala hakuwa akiniuliza.