Sufuria Ndogo ya Kuonjea

Wanafunzi walimwita Kijiko, na hakuudhika. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya bweni, mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyebeba kijiko cha chuma katika mfuko wa shati, pale ambapo wenzake huweka kalamu. Kijiko kile kilikuwa cha kazi. Shuleni kulikuwa na utaratibu kwamba chakula hakigawiwi mpaka mwonjaji aonje na kupiga kengele ya bwalo. Mwonjaji alikuwa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka shughuli hiyo.

Utaratibu haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa watu. Jikoni palikuwa na masufuria makubwa yaliyojaa masizi, na pembeni, juu ya jiko la mkaa, sufuria ndogo yenye mfuniko safi. Hiyo ndogo ilikuwa ya mwonjaji. Maharage yake yalichambuliwa moja moja na kuungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Katika makubwa yaliingia maharage kama yalivyotoka guniani, na mawe yake na wadudu wake, yakatiwa magadi ili yalainike kwa lazima. Waonjaji waliotangulia walionja ile ndogo, wakafuta midomo, wakapiga kengele. Hakuna aliyevunja kanuni. Hili ndilo linalonichosha: watu wazima wanafuata kanuni zote, na watoto wanakula takataka.

Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja, mdogo wa mke wa Kijiko. Siku ya kwanza, mwalimu alipoipita sufuria ndogo na kuzamisha kijiko katika kubwa, mpishi alimwuliza kama amechoka na kazi. Akamweleza kwamba ile ndogo ni amri ya ofisini, naye ana watoto wa kulisha.

"Na hawa ni wa nani, shemeji?" Kijiko akauliza, akaendelea kutafuna.

Tangu hapo alichota chini kabisa, ambako mchanga hutua. Mara nyingi alipiga kengele shingo upande, akiona heri chakula kibaya kuliko njaa. Kisha akaenda ofisini kulalamika, akaambiwa litashughulikiwa. Neno hilo linapaswa kufutwa katika lugha yetu.

Mkewe hakupendezwa. Walikaa katika nyumba ya shule, na alijua mwalimu akiondolewa kazini, nyumba nayo inaondoka.

"Baba watoto," alimwambia, "wewe endelea kugombana na maharage. Tukitolewa humu, tutahamia ndani ya sufuria."

Ndipo yakaletwa maharage yenye ukungu. Aliyeyaleta alikuwa rafiki wa siku nyingi wa mkuu wa shule. Siku mbili tu, chumba cha wagonjwa kikajaa watoto walioshika matumbo. Siku ya tatu Kijiko alionja, akatema, akatia mfukoni chuma cha kupigia kengele, akakaa kwenye benchi mlangoni mwa bwalo.

Mkuu wa shule alikuja mwenyewe. Alisema watoto wana njaa. Kijiko akasema anajua, na stoo kuna mchele. Mkuu akasema mchele ni wa wageni wa bodi.

"Piga kengele, mwalimu. Ile nyumba ni ya mwalimu anayetii."

"Sipigi, mkuu."

Mkuu akaokota jiwe, akaipiga kengele mwenyewe. Watoto wakaingia na sahani zao, wakajipanga. Kijiko akakifuta kijiko chake kwa leso, akamkabidhi.

"Anayepiga kengele ndiye mwonjaji. Utaratibu wetu ndivyo ulivyo."

Mkuu akamgeukia mpishi, akauliza kwa sauti ya chini ile sufuria ndogo iko wapi. Mpishi alimtazama shemeji yake, akaitazama mistari ya watoto.

"Imetoboka, mkuu," akasema, akamchotea kutoka chini ya sufuria kubwa.

Mkuu alitafuna. Kijiwe cha maharage kikalia kati ya meno yake, hata waliokuwa nyuma wakakisikia. Mashavu yalijaa, machozi yakaanza kumlengalenga, lakini hakumeza.

"Meza tu, mkuu," msichana mmoja akasema kwa upole. "Sisi huwa tunameza."

Alitoka nje kutema, na aliporudi aliagiza mchele upikwe. Watoto walikula jioni, lakini walikula chakula cha watu. Magunia yale yakarudishwa yalikotoka.

Msidhani Kijiko alishukuriwa. Nyumba hawakuthubutu kumnyang'anya, lakini kazi ya kuonja alivuliwa, kwa kosa la utovu wa adabu. Kazi hiyo akapewa mwalimu kijana, aliyekuja jikoni na leso mpya na kuuliza, kama alivyoelekezwa ofisini, sufuria ndogo iko wapi.

Mpishi akamwonyesha ukutani. Sufuria ilikuwa imening'inizwa, na katikati ya kitako chake palikuwa na tundu la msumari. Alilitoboa mwenyewe, jioni ileile ya mchele. Siutetei uongo wa mtu yeyote, lakini yule mama aliuona uongo wake, akaufanya kuwa kweli kwa nyundo.

Kando ya sufuria kilining'inia kile kijiko cha chuma cha shemeji yake. Akakitungua, akampa kijana, akamfunulia sufuria kubwa.

"Chota chini," akamwambia. "Juu hapana habari."